Spika ya Katikati

Binti yetu alipoolewa na kuhamia kwake, chumba chake kilibaki na kitanda kisicho na godoro na mipango miwili. Mpango wangu ulikuwa cherehani. Mpango wa mume wangu ulikuwa sinema.

"Sinema ya nani?" nilimuuliza.

"Ya nyumbani," akasema, huku akinitazama mdomoni kama mtu anayengoja niteme kitu. "Projekta, spika za pande zote, pazia la picha ukutani. Kama kumbi zile za zamani, ila ndogo."

Mume wangu amefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo tangu ujana mpaka kustaafu, katika ukumbi wa mashine za kufuma, na hajawahi kuwa mtu wa anasa. Mashati yake ni yale yale, viatu vyake anavipaka rangi mwenyewe, na redio yake nilimkuta nayo. Kwa hiyo aliposema kiinua mgongo chake kitakwenda kwenye sinema, nilijua kuna jambo. Na alipotaja mlango, nilijua ni jambo gani.

Alitaka mlango mzito, wa mbao mbili zenye sponji katikati, usiopitisha sauti. Projekta ningeielewa. Spika pia, kwa kujikaza. Lakini katika nyumba ya watu wawili, mlango usiopitisha sauti unazuia sauti ya nani?

Mimi ni mwongeaji, sikatai. Dada yangu husema mdomo wangu ulitoka kiwandani bila breki. Lakini mume wangu ndiye aliyekuwa akiupenda mdomo huo. Miaka yote alikuwa akirudi kazini anavuta kigoda jikoni, nami nammwagia habari za mtaa mzima, nani kanuniana na nani, kuku wa nani kaingia kwa nani, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha akastaafu, akabadilika. Nikimsimulia kitu, "sawa." Nikimuuliza swali, "sawa." Siku moja nilimwambia achague, maharage au samaki, akasema "sawa" na kuendelea kusoma gazeti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wengine aliwasikia. Jirani yetu, mwenye sauti nene ya kutikisa mabati, akiita kutoka nje, mume wangu huyo, mbio kumfungulia geti. Gari likipiga honi barabarani, anageuka. Mimi tu niliyelala naye kitanda kimoja tangu enzi nikiwa na kiuno ndimi aliyeniwekea pamba masikioni mwake. Nikawaza, mtu akichagua wa kumsikia na wa kutomsikia, tatizo haliko masikioni, liko moyoni. Niliamini hivyo kabisa, na imani hiyo ilinitesa.

Nikaona nimpasulie ukweli. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, kanipa mgongo, bomba linamwaga maji.

"Baba watoto," nikasema, "siku utakayoufunga mlango ule kwenye chumba kile, mimi nafunga virago naenda kwa dada yangu. Na sirudi."

"Sawa," akasema, akasuuza kikombe.

Sikupiga kelele. Nilitoka nikaenda kukaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia kimya kimya, kisha nikampigia dada yangu simu. Akasema chumba kipo na shuka ni safi. Kuanzia hapo nilikuwa nangoja mlango tu.

Hata hivyo dukani nilikwenda naye. Hasira haimzuii mtu kutaka kuona vitu vinavyomvunjia nyumba.

Duka lilikuwa na chumba cha majaribio huko nyuma, chenye zulia nene na kuta zilizovikwa kitambaa cheusi. Muuzaji alikuwa kijana wa tai nyembamba na sauti nyembamba zaidi, mwenye bidii ya mtu anayelipwa kwa kila anachouza. Kwanza alitaka kutuuzia televisheni kubwa kama meza ya kulia.

"Mama, hii inang'aa hata mchana. Projekta lazima chumba kiwe giza."

"Giza nalo tumeliandaa," nikamjibu. Chumba cha binti yangu kilikuwa kimeshapakwa rangi ya majivu kuta zote mpaka dari, kwa sababu fundi wa rangi alisema ukuta mweupe unarudisha mwanga na picha inapauka. Nilipita mlangoni siku ile ya kupaka nikasonya kwa sauti, lakini bila shaka hakuna aliyesikia.

Wakashika projekta. Muuzaji akauliza chumba kina urefu gani, akaeleza kwamba nyingine zinahitaji kukaa mbali na ukuta ndipo picha iwe kubwa, na nyingine zinatoa picha kubwa zikiwa karibu. Mume wangu alimsikiliza akimkodolea midomo, akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaeleza vipimo mimi. Mwishowe tukachukua ya karibu, inayotundikwa darini, kwa sababu chumba chetu si ukumbi wa mikutano.

Kwenye spika ndipo mume wangu alipoamka. Muuzaji alipanga zote mbele yake. "Mbili hizi za pembeni ni muziki. Hizi mbili zinakaa nyuma yako, mvua ikinyesha kwenye picha unaona kama inanyesha chumbani. Lile boksi la chini ni sabufa, hilo ni la ngurumo na mizinga. Na hii ndefu ya kulala, ya katikati, inakaa chini ya picha. Hii ndiyo inabeba maneno. Watu wakiongea, wanaongelea humu."

Alilirudia hilo la mwisho mara mbili, kwa sababu mume wangu aliomba. Kisha mume wangu akainama, akaweka kiganja juu ya ile spika ya katikati kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mnayo kubwa zaidi ya hii?"

"Mzee, hii inatosha ukumbi wa harusi."

"Nataka kubwa zaidi."

Wakaleta nyingine. Akaishika nayo, ikaongea, akatikisa kichwa. Wakaleta ya tatu. Nilikaa kwenye kochi la majaribio nikiwa nimekunja mikono. Huyu hapa, nikawaza, anachagua kwa makini sauti za watu asiowajua, na ya kwangu anainunulia mlango. Niliona wivu juu ya boksi la mbao, na siwezi kulieleza hilo kwa uzuri zaidi ya hivyo.

Siku ya kufunga vifaa alikuja fundi mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti kama anaongelea ndani ya pipa. Alipiga hodi mara moja tu, mume wangu akawa ameshafika mlangoni. Nikajichekea kwa uchungu. Fundi aliingia na maboksi, waya, drili na hadithi za nyumba zote alizowahi kufunga sinema. Mlango mpya uliletwa na wachukuzi, ukaegemezwa kwenye ukuta wa korido. Fundi alisema ataupachika mwisho, akishamaliza kelele zake.

Mimi nikaingia chumbani kwetu, ng'ambo ya korido, nikatoa sanduku juu ya kabati. Nilipanga khanga, nguo za ndani, dawa zangu za presha. Sikuwa na papara. Kila nilipotoa kitu kabatini nilikuwa naona nafasi kinayoacha, na nafasi ile ilinitia simanzi kuliko kitu chenyewe.

Alasiri fundi akasema sasa tujaribu. Nyumba ikatikisika. Glasi zililia kabatini, sakafu ikaunguruma chini ya miguu yangu mpaka kwenye magoti. Nilitoka nikasimama kwenye mlango wa chumba cha sinema, nguo mkononi, nimejiandaa kupayuka.

Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ukuta mzima ulikuwa kituo cha treni, na kwenye benchi alikaa mwanamke anamwambia mwanamume kitu kizito, maana machozi yalikuwa yanamshuka. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kochi jipya katikati ya chumba, kavua makubazi, nyayo zake bapa juu ya sakafu. Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati la vifaa, anaonekana makalio tu.

"Mzee, unasikia?" fundi akauliza kutoka huko huko.

"Nasikia."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Nasikia mpaka kifuani."

"Na maneno ya yule dada? Yako wazi?"

"Yako wazi kabisa," mume wangu akasema.

Nikamtazama yule mwanamke ukutani. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba. Mle chumbani mlikuwa na mngurumo wa treni peke yake, mzito, wa chini. Hakukuwa na neno hata moja.

Fundi akainuka, akajifuta mikono, akatazama picha. Akatega sikio. Kisha akapasuka kicheko.

"Ah, mzee! Unanichezea. Hizi za mbele sijaziunganisha hata moja, waya hizi hapa mkononi. Kinachofanya kazi ni sabufa tu. Huyo dada umemsikiaje, kwa nyayo?"

Mume wangu akacheka naye, kwa sababu aliona fundi anacheka. Mimi sikucheka.

Sisi tunasikia njaa. Tunasikia baridi, tunasikia harufu ya kitu kinachoungua, tunasikia maumivu, na neno ni hilo hilo moja. Alipojibu kwamba anasikia, hakuwa amedanganya. Alikuwa anasikia kwa miguu na kwa kifua. Uongo ulikuja kwenye maneno ya yule dada, na aliusema upesi na kwa ulaini, na nilijua pale pale kwamba ameuzoea.

Nikapiga moyo konde. Nikatembea mpaka nyuma ya kochi, karibu kiasi cha kuona mvi za kisogoni. Fundi alikuwa ameshazima sabufa, chumba kimetulia. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, si kubwa si ndogo:

"Baba watoto, mimi naondoka leo. Sanduku liko tayari."

Fundi aliganda na waya zake. Mume wangu aliendelea kutazama ukutani, akimsubiri yule mwanamke afute machozi.

"Fundi," nikasema, "nenda jikoni, kuna chai kwenye chupa. Kunywa taratibu."

Alikuwa mtu mwenye akili. Alikwenda bila kuuliza.

Nikazunguka nikachuchumaa mbele ya mume wangu, nikamshika magoti. Akashtuka, kisha akatabasamu, kisha akaona uso wangu na tabasamu likaisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usijifanye hamnazo. Tangu lini hunisikii?"

Alitazama pembeni, akatazama mikono yake. Nikamgeuza kidevu, akanitazama mdomoni, nami sasa nikaelewa kwa nini amekuwa akinitazama hapo.

"Si kwamba sisikii kabisa," akasema. "Sauti nene zipo. Jirani namsikia, fundi namsikia. Ya kwako ndiyo ilitangulia kuondoka. Ya kwako na ya binti yetu kwenye simu. Najua unaongea, najua kama umekasirika au umefurahi. Maneno ndiyo siyapati. Mashine zile zimeyala."

"Na hizi 'sawa' zako?"

"Nabahatisha. Mambo mengi unayoniambia, mke wangu, sawa inatosha."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

"Na chumba hiki?"

"Sebuleni nikipandisha sauti unaishusha. Unasema nawaamsha wafu. Nikasema nipate mahali pa kupandisha mpaka nipate maneno. Na mlango niufunge, usije ukasikia nimepandisha kiasi gani ukajua."

Mlango ule nilikuwa nimeulilia kwenye ndoo.

"Kwa nini usiniambie? Mimi ni mtu baki?"

"Kiwandani tulikuwa na mzee mmoja aliyezibika masikio kabla yetu. Hakuna aliyemchukia. Lakini watu walichoka kurudia. Wakawa wanamwambia ya lazima tu. Chakula tayari. Mashine imekwama. Msimamizi anakuita. Yale mengine, yale ya kucheka, alikuwa anatuona tukicheka, basi. Nikaona, wewe ukijua, na mimi utaniambia ya lazima. Na mimi hiyo habari ya kuku wa nani kaingia kwa nani, nitaipata wapi?"

Nililia. Sikuona sababu ya kuficha, naye hakuhitaji kusikia ili ajue. Kisha nikamwambia, polepole, uso kwa uso, ni kitu gani alikiitikia "sawa" siku ile ya vyombo. Nilimwambia yote, na la sanduku pia.

Aligeuka kutazama ng'ambo ya korido. Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda, mkono wa gauni umening'inia nje.

"Kumbe ningebaki peke yangu humu," akasema, "na nisijue hata kwa nini."

Fundi alirudi akikohoa kutoka mbali ili tujue anakuja, jambo lililosaidia upande mmoja tu. Nilimweleza wazi, bila kuzunguka, na mume wangu akakubali kwa kichwa. Fundi hakutoa pole ndefu. Alikuna kichwa, akaanza kazi upya.

"Basi ngurumo tuzipunguze, hazina faida kwake," akasema. "Za nyuma nazo chini. Hii ya katikati naipandisha yenyewe peke yake, mashine inaruhusu. Na sauti nyembamba nazipandisha zaidi, hizo ndizo zinazompotea. Maandishi ya chini nayo nayawasha, yawe makubwa." Aliisogeza spika ya katikati mbele ya kabati, akaielekeza kwenye uso wa mume wangu. Mwanamke wa kituo cha treni akaanza kulia tena tangu mwanzo, na safari hii mume wangu aliinamia mbele.

"Kumbe anamwacha," akasema.

"Ndiyo, anamwacha," nikamjibu, "ni mjinga."

Mlango uliondoka na fundi. Alisema kuna mwalimu wa muziki atakayeufurahia.

Hospitali ya masikio tulikwenda. Daktari alimfungia kwenye kibanda, akampigia vifilimbi vya kila aina, akamwambia kile alichokuwa anakijua. Akapewa vifaa vya kuvaa nyuma ya masikio, vidogo, vya rangi ya ngozi. Vinasaidia. Sauti za ndege amezipata tena. Mimi ananipata nikiwa karibu na chumba kikiwa kimya. Kukiwa na sauti nyingine yoyote, maneno yanachanganyika, na daktari alisema tusitegemee zaidi ya hapo. Nilijiapiza kwamba sitachoka kamwe. Nilikuwa na hakika, kama mtu anavyokuwa na hakika kabla hajaanza.

Halafu ikaja Jumapili moja. Tulikuwa chumbani mle tunatazama picha ya wezi wa benki, na mimi nilikuwa nimetoka kuona kioja njiani nikirudi kutoka dukani. Sikuweza kungoja.

"Jirani kanaswa na suruali kwenye geti lake mwenyewe," nikamwambia.

"Kanaswa na nani?"

"Na suruali! Alipoteza ufunguo, akawa anaruka geti."

"Kanaswa na serikali?" Aligeuka, macho yamemtoka. "Kafanya nini?"

"Siyo serikali. Suruali. Su-ru-a-li. Kaning'inia pale, mkewe anarudi na wageni..."

"Wageni wa serikali?"

Pale ukutani wezi walikuwa wanafyatua risasi. Koo lilikuwa linaniwasha, na hadithi yenyewe, baada ya kurudiwa vipande vipande, ilikuwa haichekeshi tena.

"Basi," nikasema, nikampungia mkono. "Si kitu."

Hilo alilisikia. Hakukunja uso wala hakununa. Aligeuka tu kutazama picha, upesi na kwa adabu, kama mgeni aliyegonga nyumba akaambiwa wenyewe hawapo.

Nilichukua rimoti nikazima spika, nikazima na projekta. Nikawasha taa. Nikaburuta kiti changu mpaka mbele yake, magoti yetu yakagusana, nikajifuta midomo kwa kiganja ili aione vizuri.

"Jirani," nikasema.

Akasogea mbele. "Jirani gani?"